Mstari wa Mia Tatu Sitini na Nne

Mmeniomba, ninyi mnaobaki kule chini kwenye maabara, niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Msihofu, sijasahau. Mtu mwenye wasiwasi hasahau kitu, na ndiyo shida yake. Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani Harrow, na juzi saa moja asubuhi nilijikuta nimesimama mlangoni nimevaa koti, nawaza leo nani atajaza naitrojeni. Binti yangu Koku, aliyekuja kunitembelea, akasema, "Mum, you're retired," akaendelea kupaka mkate wake siagi. Nikavua koti, lakini sikutulia hadi saa nne.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini, wala nani alipewa ofisi yenye dirisha. Kule chini hakuna dirisha. Nitaandika kazi, na ndani yake nitaandika jambo moja ambalo ninyi hamlijui, na Ruth, mkuu wenu, halijui pia.

Siku ya kwanza nilishuka zile ngazi na cheti cha ufundi wa maabara nilichokipata kwa masomo ya jioni, baada ya miaka sita ya kusafisha wodi. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, vinabana. Aliyenipokea alikuwa fundi mkuu, Bwana Kirit, mtu mfupi wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni. Akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania.

"Tanzania wapi?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Bukoba."

"Ala! Jirani yangu wewe. Mimi wa Mwanza. Mzee wangu alikuwa na duka la vitambaa pale mjini, nimesoma Mwanza mpaka darasa la sita. Sasa sikiliza, Mhaya. Humu ndani ndizi huingii nayo."

Nilidhani ananitania, kwa kuwa Wahaya tumezoea kutaniwa kwa ndizi. Kumbe hakuwa na utani. Ndizi ina potasiamu, na potasiamu yote ina chembe kidogo inayotoa mionzi, kidogo sana, haimdhuru mtu, lakini mashine yetu inaiona. Kwa hiyo nimekula ndizi zangu kwenye ngazi za nje miaka yote ile, mvua na baridi, na nikirudi ndani nanawa mikono.

Mashine yenyewe mnaijua. Ni fuwele ya jerimaniamu, ukubwa wa kopo la maziwa, imefungwa ndani ya bomba la chuma, na chini yake pipa la naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa maji. Bwana Kirit alinipa glavu nene akanionyesha jinsi ya kumimina. "Hii haitaki joto," alisema. "Ikipata joto na umeme uko juu, imekwisha, na sisi tumekwisha." Jioni ile nikapanda treni ya Metropolitan kurudi nyumbani. Nilipofika Finchley Road nikashuka, nikavuka upande wa pili, nikarudi kazini kuangalia kama nimefunga koki. Nilikuwa nimefunga. Kesho yake Bwana Kirit alikuwa ameshasoma daftari la mlangoni. "Umeingia tena saa kumi na mbili," akasema. Nikaanza kujitetea. Akanikatiza: "Mtu asiyerudi kuangalia, mimi simtaki hapa." Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu mtu kunisifu kwa wasiwasi, na labda iliniharibu.

Kwa wale mtakaowaonyesha wazazi wenu karatasi hii, nieleze kidogo tulichokuwa tunakifanya. Nyutrino ni chembe ndogo mno zinazotoka kwenye jua na kwenye nyota zinazolipuka. Zinapita ndani yetu na ndani ya dunia nzima bila kugonga kitu. Ili kuzinasa watu wamejenga matangi makubwa ya maji safi chini ya milima, wakakaa kusubiri. Mara chache sana nyutrino moja hugonga kiini cha oksijeni ndani ya maji yale. Kiini kinashtuka, kinabaki na nguvu iliyozidi, na ili kitulie kinaitema kama mwale wa gamma. Tangi linaona mwanga unaoletwa na mwale huo, basi. Sasa kiini kikishtuliwa mara mia, kinatema mara ngapi, na miale ya nguvu gani? Bila kujua hilo, wenye tangi wanaona mwanga na hawajui ni wa nini. Kazi yetu ilikuwa kuyagonga maji makusudi, kwa chembe kutoka kwenye mashine kubwa iliyo nchi nyingine, na kuhesabu miale kwa fuwele yetu. Kila aina ya kiini ina namba zake za nguvu ya miale, na hazibadiliki. Oksijeni ni elfu sita mia moja na thelathini. Kwenye skrini inatokea kama mstari mwembamba uliosimama, na ukishauona hutauchanganya na mwingine.

Bwana Kirit alinifundisha kuzisoma namba hizo kama mtu anavyosoma majina ya vituo. Alinifundisha kupanga matofali ya madini ya risasi kuizunguka fuwele, yasiache ufa, isipokuwa tundu moja la mbele la kupitishia miale. Alinifundisha pia daftari. Andika kwa kalamu ya wino, andika ulichokiona, andika saa uliyokiona, usifute. Mengine yote unaweza kuyakosea, alisema, mradi daftari linasema kweli. Wazungu wa juu walimwita Kit. Mimi nilimwita Kirit bhai, yaani kaka Kirit, naye aliniita Mama Koku, na kule chini tuliongea Kiswahili siku nzima mpaka watu wakadhani tunawasengenya. Wakati mwingine ilikuwa kweli.

Sasa nafika kwenye wiki ile.

Ruth hakuwa mkuu wakati huo. Alikuwa mtafiti, mwanamke wa Wales mwenye sauti ya chini, na kipimo cha oksijeni kilikuwa chake. Alikuwa ameomba zamu kwenye ile mashine kubwa ya nje kwa miaka miwili, akapewa siku nane. Wakati zamu inafika alikuwa na mimba ya miezi saba, akaamua asipande ndege. Mimi na Bwana Kirit ndio tungesafiri na fuwele. Lori lilikuwa lije Ijumaa kuibeba. Kabla ya hapo, kwa kawaida yetu, tuliiacha ihesabu wiki nzima bila kitu chochote mbele yake, ili tujue chumba chenyewe kina nini.

Ijumaa iliyotangulia nilifanya kosa. Tulikuwa na sarafu za kupimia, visahani vidogo vya plastiki vyenye kiasi kidogo cha mionzi katikati, vya kusawazishia namba. Nilikuwa nairudisha kabatini ile ya bariamu, ikaniponyoka. Ilidunda sakafuni mara mbili ikaingia chini ya kabati. Nikaivuta kwa rula, nikaitazama kwa miwani, sikuona ufa. Sheria inasema uipanguse kwa karatasi, uipime hiyo karatasi, uandike. Lakini Bwana Kirit alikuwa likizo, ameaga kwamba ana harusi ya ndugu Leicester, na Ruth alikuwa juu ananisubiri. Nikasema nitaandika Jumatatu. Mimi, niliyeshuka Finchley Road kwa ajili ya koki!

Jumatatu Bwana Kirit alirudi. Alikuwa amekonda na amefunga skafu shingoni. Hakunipa mkono. Kabla hata ya chai alisukuma meza yake kutoka katikati ya ofisi hadi kona ya mwisho, kwenye ukuta wa mbao unaotenganisha ofisi na chumba cha mashine. Akasema pale ilipokuwa pana upepo. Ilipofika saa ya chai alichukua kikombe chake akaenda kunywa kwenye korido, amesimama. Nilidhani amenikasirikia. Nilipitia maneno yote niliyowahi kumwambia mwezi ule nikitafuta lililomchoma.

Alasiri nikaenda kutazama hesabu, na nikauona. Mstari mdogo, upande wa chini kabisa wa skrini, karibu na mia tatu sitini. Jumamosi na Jumapili haukuwepo. Bariamu ni mia tatu hamsini na sita. Kwa kipimo kile tulikuwa tumeitanua ngazi ya namba hadi elfu nane, na ukifanya hivyo namba za chini zinapotoka kidogo, nane hivi au kumi. Nikajiambia ni bariamu, nimeipasua, vumbi lake limetapakaa sakafuni na ninalikanyaga. Nilifungua daftari nikaandika kwamba nimeona mstari mdogo, niutazame tena. Nikaandika na saa. Hapo ilitakiwa nimpigie simu afisa wa usalama wa mionzi. Angefunga chumba, angezuia fuwele isitoke, na zamu ya Ruth ingepotea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilijionea huruma mwenyewe kwanza, na Ruth nikamfanya kisingizio.

Jumanne nilisubiri watu waondoke, nikapima kwa kipimo cha mkononi: sakafu, kabati, pipa la taka, soli za viatu vyangu, viganja vyangu. Kimya. Nikaipangusa sarafu mara tatu na kuzipima karatasi. Safi. Mtu mwenye akili timamu angefurahi. Mimi nilifikiri kipimo kimekufa. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikamkuta Ruth amekaa kwenye meza yake mle mle ofisini anakula tofaa, ameegemeza daftari juu ya tumbo, akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ni mafua.

Jumatano nilikata hesabu vipande vya saa moja moja. Ndipo nilipoingiwa na hofu ya aina nyingine. Mstari ulikuwa unakuja saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Saa sita hadi saa saba mchana haukuwepo. Bariamu haina saa za kazi. Haitoki kwenda kula.

Alhamisi asubuhi nilisawazisha ngazi upya, polepole, kwa sarafu nne. Mstari ukakaa mahali pake: mia tatu sitini na nne. Na sasa, kwa hesabu ya siku zote, mwenzake mdogo alikuwa amejitokeza kwenye mia sita thelathini na saba. Hiyo ni iodini ya mionzi, ile wanayopewa wagonjwa hospitalini, nao hutoka nayo mwilini. Sisi hatukuwahi kuwa nayo. Nikageuka kutazama tundu la matofali linaelekea wapi. Linaelekea ukuta wa mbao. Upande wa pili wa mbao kuna kona ya mwisho ya ofisi.

Nilikwenda nikasimama mbali kidogo na meza yake.

"Kirit bhai, naomba uje ndani."

"Kuna nini?"

"Njoo tu, usimame hapa mbele ya tundu."

Alinitazama, akainuka bila kuuliza tena. Akasimama mbele ya matofali, mikono nyuma. Kwenye skrini mstari ukaanza kupanda. Kwa siku tatu nilikuwa nimeuona ukiota taratibu, na sasa ulipanda mpaka ikabidi nipunguze kimo cha picha, mara moja, na tena. Bwana Kirit alikuwa anausoma pamoja nami. Hakuhitaji kuelezwa.

"Mia tatu sitini na nne," akasema.

"Ndiyo."

"Basi ni mimi."

Akakaa juu ya matofali ya akiba. Hakukuwa na harusi, akaniambia. Walikuwa wamemtoa tezi ya shingo wakati wa Pasaka, ilikuwa na saratani, na sasa wamempa kidonge cha iodini kuua mabaki. Mkewe Hansa peke yake ndiye anayejua. Watoto walijua yuko Leicester.

"Wamekwambia ukae mbali na wajawazito hadi lini?"

"Jumatano ijayo."

"Kirit bhai!"

"Lori linakuja kesho, Mama Koku. Nikae nyumbani Kingsbury natazama TV, wewe unafunga mashine peke yako? Nimepiga hesabu. Toka kona ile mpaka kwa Ruth ni mita saba. Nimepima kwa utepe. Ndiyo maana nimehama. Chai nakunywa nje."

Alikuwa amepima umbali hadi kwa Ruth, akapanga kila kitu kwa ajili ya Ruth, na hakukumbuka fuwele iko nyuma ya ubao mgongoni kwake. Mtu aliyeinunua, aliyeijengea matofali yale kwa mikono yake. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na zaidi ya yote, lazima niseme, nilisikia nafuu. Haikuwa sarafu yangu.

"Mwambie Ruth leo," nikasema. "Usipomwambia nitamwambia mimi."

"Nitamwambia." Akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari kwamba chanzo cha mstari ni yeye, akaweka saa na jina. Kisha akafungua nyuma kutazama hesabu ilianza lini. Nilimwona anafika kwenye ukurasa wa Jumatatu. Akausoma. Akalifunga daftari.

Ruth alimsikiliza akiwa amekaa, mkono tumboni. Hakupaza sauti. Aliuliza kiwango alichopewa, siku, umbali, saa ngapi kwa siku, akaenda ubaoni kupiga hesabu. Jibu lilikuwa dogo, dogo kuliko ambalo angelipata kwenye ile ndege aliyoikataa. Alirudia hesabu yote toka mwanzo. Jibu lilikuwa lile lile. Hapo ndipo macho yalipomjaa machozi.

"You should have told me," akamwambia. "Ungeniambia ningefanya kazi nyumbani, Kit. Ni hilo tu."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Consolata. Uliuona lini?"

Bwana Kirit alikuwa amesimama mbali, mlangoni. Aliinua macho akanitazama.

"Leo asubuhi," nikasema.

Bwana Kirit aliinamisha kichwa.

Afisa wa usalama alikuja mchana. Alitaka ukurasa wa siku ile, akaupiga picha. Kwa kuwa hakuna kilichovuja, chumba hakikufungwa, na lori lilikuja kwa wakati wake. Bwana Kirit alirudishwa nyumbani, akaandikiwa barua ya onyo, na safari ikamtoka. Nilikwenda mimi na kijana mmoja wa kompyuta. Siku ya pili ya zamu mstari wa oksijeni uliinuka, elfu sita mia moja na thelathini, mzuri, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesubiri kuuona pamoja naye. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo hadi makofi yakaisha. Kipimo kile kilifanikiwa, wenye tangi wanakitumia hadi leo, na kwenye makala ya Ruth jina langu limo katika wanaoshukuriwa. La Bwana Kirit halimo. Alistaafu kabla ya mwaka kwisha, bila keki wala hotuba, na kwa muda mrefu hadithi yake ilisimuliwa kule chini kwa wageni kama onyo: fundi aliyekaa ofisi moja na mjamzito akiwa na iodini mwilini. Mimi nilikuwa naisikia ikisimuliwa. Nilikuwa nasafisha vikombe.

Nilimtembelea Kingsbury mara nyingi. Hansa alinipikia, tukaongea Mwanza na Bukoba, shingo yake ilipona kabisa. Mara moja tu nilianza kusema, "Kirit bhai, siku ile..." Akanyanyua mkono. "Acha, Mama Koku. Mimi nilikuwa nakaribia kutoka. Wewe ulikuwa na mtoto chuoni." Nami nikaacha, kwa sababu kuacha ndiko nilikokuwa nakutaka. Alifariki mwaka jana, kwa ugonjwa wa moyo. Sasa siwezi tena kumwomba ruhusa wala kumwomba radhi.

Ningeweza kustaafu hivyo hivyo. Lakini mnakumbuka siku ya kuniaga. Ruth alikuja na binti yake, Gwen, mrefu sasa kama mama yake, anayecheza filimbi, aliyekula maandazi yangu matano. Ruth akanyanyua glasi akawaambia kwamba katika miaka yote sijawahi kumpa sababu ya kwenda kukagua daftari langu, na kwamba ninyi mjifunze hivyo. Mkapiga makofi. Gwen akapiga makofi. Mimi nikaanza kukusanya vikombe.

Madaftari ya zamani yako kwenye kabati la chuma chini ya ngazi, na lile la wiki ile lina nambari kumi na tisa mgongoni. Karatasi hii nampelekea Ruth kwanza, ninyi mtaisoma akipenda. Mionzi haikuongezeka kwa uongo wangu, hesabu ya ubaoni ni ile ile. Lakini siku tatu mwanamke mjamzito alikuja kazini, akakaa, akala tofaa, akaniuliza kama niko sawa, na mimi nilijua mle ndani kuna kitu nisichokijua, nikanyamaza. Bwana Kirit alimficha Ruth ugonjwa wake. Mimi nilimficha mashine ilichokiona, na ndiyo kazi pekee niliyoajiriwa kuifanya.

Ruth, uliniuliza niliuona lini. Niliuona Jumatatu, saa tisa na dakika ishirini.